Mlango wa Nne wa Jumba la Msonobari

Wa kwanza kuona kwamba barua haipo alikuwa Ma Jeom-rye, na hata yeye hakuwa anaitafuta barua. Alikuwa anatafuta mahali pa kuegemea, kwa sababu ya magoti.

Ilikuwa saa saba na dakika kumi mchana, Jumatano ya mwisho ya mwezi wa kumi. Wazee kumi na wanne wenye kofia nyekundu walikuwa wametoka kijijini kwao, milimani Gangwon, kwa basi la alfajiri, na tangu saa nne walikuwa wanatembezwa ndani ya kasri la kale la wafalme, pale Seoul. Sasa walikuwa wameacha viatu vyao kwenye jiwe la kupandia na kuingia kwa soksi katika Jumba la Msonobari. Mbele yao alisimama mwongozaji wao, Bong Seon-a, msichana wa miaka ishirini na sita, kavaa vazi la kale la buluu. Kabati la kioo lilikuwa nyuma yake. Hakuligeukia, maana maneno yake aliyajua kama anavyolijua jina lake.

“Wazee wangu,” akasema, “barua hii iliandikwa miaka mia mbili iliyopita na binti mfalme mdogo. Alimwandikia bibi yake, mama wa mama yake, aliyekuwa anaishi mbali. Inasema hivi: ‘Bibi, huku baridi imeanza. Je, bakuli langu la wali bado unaniwekea chini ya blanketi, pale sakafu inapopata moto?’”

Wazee wakaguna, wakafuta machozi. Hapakuwa na mmoja ambaye hakuwahi kumwekea mtu bakuli kama hilo. Aliye safarini huwekewa chakula chake kikiwa cha moto, arudi asirudi.

“Mal-sun, umesikia?” Jeom-rye akamnong'oneza jirani yake, kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni. “Na bakuli la mjukuu wako lina miaka miwili chini ya blanketi. Karibu litaota mizizi.”

“Nyamaza, we mwanamke,” akasema Tak Mal-sun.

“Nimenyamaza. Lakini hiyo barua yenyewe iko wapi? Mimi naona kioo na kitambaa. Au macho nayo yameenda na magoti?”

Seon-a akageuka. Kitambaa cha hariri kilikuwepo, kimetandikwa vizuri. Barua haikuwepo. Kufuli ya kabati ilikuwa imefungwa, na kioo hakikuwa na hata ufa.

Tak Mal-sun alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alisoma hadi darasa la tatu, kisha akawekwa nyumbani kubeba wadogo zake, na tangu hapo akafanya kazi ya kijiji chao: kutengeneza karatasi kwa maganda ya mforosadi na kuibandika kwenye milango ya watu. Mama yake Seon-a alikuwa binti yake. Alikuja siku hiyo kwa jambo moja tu, kumwona mjukuu wake kazini, maana mkataba wa Seon-a ulikuwa unaisha mwezi ujao na ndiyo wiki ya kuamuliwa kama ataajiriwa moja kwa moja. Sasa alimwona mjukuu huyo akishika ufunguo uliokuwa shingoni mwake, uso umekuwa mweupe kama karatasi ambayo haijaandikwa.

Saa saba na robo mkuu wa Jumba, Bwana Do Gyeong-pil, alifika akitembea upesi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitatu, suti imenyooka, viatu vinang'aa. Miaka mitatu nyuma ni yeye aliyeitambua barua ile katika boksi la makaratasi ya zamani na kuutangazia ulimwengu kwamba ni ya binti mfalme. Alitazama kabati, akafumba macho kidogo, akamwambia mlinzi:

“Malango yote yafungwe. Kila mtu apekuliwe mifuko na mikoba, wafanyakazi pia. Na mimi pia, ndivyo nilivyoandika kwenye kanuni.”

Saa nane kasoro dakika ishirini na tano akaja Inspekta Jegal Hyeon na askari wanne. Inspekta alikuwa mtu mrefu aliyeinama kidogo, kama mtu aliyezoea kugonga kichwa kwenye milango ya kale. Akaweka meza ndogo barazani, akafungua daftari, akaanza na Seon-a.

“Mara ya mwisho uliiona lini?”

“Saa sita kasoro dakika tano, nilipofunga Jumba kwa mapumziko ya mchana.”

“Funguo za kabati ziko ngapi?”

“Mbili. Mmoja wangu. Mwingine uko kwenye saraka ya Bwana Do, ofisini kwake.”

“Kati ya saa sita na saa saba ulikuwa wapi?”

“Nyuma ya ghala. Nilikula wali wangu uliofungwa kwa mwani, kisha nikawa najizoeza kusema.”

“Kujizoeza? Si unasema maneno hayohayo kila siku?”

Seon-a akatazama chini. “Leo bibi yangu alikuwa anakuja.”

“Nani alikuona?”

“Paka.”

Inspekta hakucheka. Aliandika. Mal-sun, aliyekaa kwenye ukingo wa baraza na viatu vyake mapajani, aliona jinsi kalamu ilivyokaa muda mrefu kwenye neno moja.

Bwana Do alihojiwa wa pili, naye alijibu kwa upole mkubwa.

“Nilikuwa ofisini, ua wa pili, kuanzia saa sita kasoro dakika kumi hadi nilipoitwa. Niliagiza tambi za mchuzi mweusi, nikala, nikasoma. Ufunguo wangu uko kwenye saraka, askari wako wameukuta.”

“Kulikuwa na jambo lolote lisilo la kawaida wiki hii?”

“Hakuna. Wiki iliyopita niliitoa barua na kuisafisha, mimi peke yangu, kwa glavu. Na leo saa tano na nusu walipiga simu kutoka chuo kikuu, wataalamu wanakuja kesho asubuhi kuitazama mbele na nyuma. Nilifurahi sana.” Akashusha sauti. “Inspekta, sipendi kusema. Bi. Bong ni binti mzuri. Lakini mkataba wake unaisha. Vijana wakikata tamaa hufanya mambo.”

“Baraza ya nyuma iko wazi,” akasema Inspekta. “Milango imeng'olewa.”

“Inabandikwa karatasi mpya kabla ya baridi. Mambo hayo muulize fundi. Mimi nimezaliwa ghorofa ya tisa, kwetu milango ilikuwa ya chuma.”

Fundi wa milango alikuwa Yeom Dal-su, mtu mfupi mwenye unga mkavu hadi kwenye nyusi. Alikuja amenuna.

“Najua mnachotaka kusema,” akaanza. “Kwamba fundi ndiye mwizi. Fundi ndiye mwizi siku zote.”

“Bado sijasema kitu.”

“Basi mimi nimekusaidia. Andika: saa sita kamili Yeom Dal-su alikwenda kula supu ya uti wa ng'ombe nje ya lango la mashariki pamoja na mafundi tisa wa paa. Mmoja wao alimwaga supu kwenye suruali yangu, ushahidi huu hapa. Saa saba kasoro dakika kumi nikarudi, nikalala kule korido mpaka niliposikia kelele.”

“Kazi ilifika wapi ulipoondoka?”

“Milango minne ya chumba cha nyuma. Niling'oa yote, nikaondoa pete za kuvutia na bawaba, nikaosha na kubandua karatasi kuukuu, nikabandika mpya. Mitatu nimeimaliza na viraka vyake. Wa nne niliubandika karatasi ya kwanza tu, kiraka nikakiacha kwa ajili ya baada ya chakula. Gundi niliiacha kwenye bakuli, imefunikwa.”

“Kiraka ni nini?”

Fundi akamtazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. Akajibu Mal-sun, kutoka pale alipokaa:

“Penye pete, mwanangu. Pale mkono unaposhika kila siku karatasi huchanika upesi. Basi unaongeza kipande cha pili juu ya cha kwanza. Sisi kwetu kati ya vipande hivyo viwili tunatia majani mekundu, ili wakati wa theluji mtu aone rangi.”

“Hapa hatutii majani,” akasema Fundi Yeom. “Bwana Mkubwa anasema ni mambo ya kijijini.”

“Ahsante, Bibi,” akasema Inspekta, na akageuza ukurasa.

Kisha mlinzi akamleta mfalme.

Alikuwa na joho jekundu lenye joka la dhahabu kifuani na kofia nyeusi yenye masikio, vyote vimekodiwa mtaa wa pili, maana mwenye vazi la kale haingii kwa tiketi. Nyuma yake alikuja mke wake, amevaa koti la kawaida na uso wa mtu aliyechoka kupiga picha.

“Huyu,” mlinzi akasema, “nimemwona saa sita na nusu anashuka kutoka baraza ya nyuma, mahali ambapo watalii hawaruhusiwi. Na mkono wa joho umevimba.”

“Jina?”

“Pi Tae-ung. Daktari wa meno, Busan.”

“Ulikuwa unafanya nini huko?”

“Alikuwa anatawala,” akasema mke wake.

“Nilitaka picha moja tu pasipo watu,” akasema daktari, jasho linamtoka chini ya kofia. “Nilisimama kwenye kona, nikapiga, nikaondoka. Simu hii, tazama saa: sita na dakika thelathini na mbili. Hata sikupanda ndani. Nilisikia brashi inapita kwenye karatasi, shwa, shwa, nikajua fundi yuko kazini nikaogopa kufokewa.”

“Na kwenye mkono wa joho kuna nini?”

Daktari akaurudisha mkono nyuma. Mke wake akaingiza mkono mwenyewe, akavuta, na kipande kirefu cha wali wa mwani kikatoka, kimeng'atwa upande mmoja.

“Aliniambia hana njaa,” akasema. “Na huyu ndiye anayewaambia watu wasile ovyo ovyo!”

Wazee wa kofia nyekundu wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Inspekta mwenyewe aliinamisha kichwa zaidi. Daktari aliruhusiwa kwenda kukaa, na ikaja zamu ya Jeom-rye, kwa sababu mlinzi mwingine alisema alimwona saa saba kasoro dakika ishirini anazunguka peke yake ua wa pili na mkoba mkubwa.

“Nilikuwa natafuta choo,” akasema Jeom-rye. “Ukifika umri wangu utaandika ramani ya vyoo vya nchi nzima kwenye hilo daftari.”

Mkoba ulifunguliwa. Ukatoa harufu ya ngisi mkavu iliyomrudisha askari hatua mbili.

“Tunaomba radhi, Mama.”

“Usiombe radhi, kula kipande. Watu wa hapa hamna adabu na chakula. Huko nimepita ofisi moja, nje ya mlango kuna bakuli la tambi za mchuzi mweusi, plastiki haijafunguliwa, tambi zimevimba kama kamba iliyolowa. Mtu anaagiza, hali! Nilitaka kubisha hodi nimtukane.”

Inspekta akaandika, “choo, ngisi,” akafunga daftari. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Akamsogelea Seon-a na kuongea naye taratibu, lakini baraza ni ya mbao na mbao hubeba maneno. Kabati limefunguliwa kwa ufunguo. Ufunguo mmoja ulikuwa kwenye saraka, mwingine shingoni mwake. Watu wote wamepekuliwa, barua haikuonekana, basi ama imefichwa ama imeshatolewa nje. Malango ya kasri yanafungwa saa kumi na moja. Isipopatikana kufikia saa hiyo, atalazimika kwenda naye kituoni.

“Mbele ya wazee hawa?” akauliza Seon-a.

“Nitajitahidi usipite mbele yao.”

Mal-sun alivaa viatu vyake. Jeom-rye akamshika mkono. “Unakwenda wapi?”

“Kuangalia milango.”

“Mjukuu anapelekwa polisi, wewe unaangalia milango!”

“Tangu tufike hapa kuna kitu kinanikera kwenye ile milango, kama punje ya mchanga ndani ya soksi. Niache nikitoe.”

Milango minne ilikuwa imeegemezwa ukutani, baraza ya nyuma, kivulini. Bila pete wala bawaba yote ilifanana: vijiti vya mbao na karatasi nyeupe iliyoanza kukauka. Mal-sun hakuigusa. Aliweka mikono mgongoni, akapita kutoka wa kwanza hadi wa nne, kisha akarudi. Aliinama akaangalia tundu za misumari pembeni mwa kila mlango. Akachungulia bakuli la gundi. Akanusa brashi, akaziminya nywele zake kwa vidole viwili. Bado zilikuwa mbichi.

Mlango wa kwanza, kiraka. Wa pili, kiraka. Wa tatu, kiraka.

Wa nne, kiraka.

Alisimama hapo muda mrefu kiasi kwamba shomoro alitua kwenye bakuli. Kisha akaenda kumtafuta Fundi Yeom, akamwuliza neno moja. Kutoka hapo alikwenda kwa Inspekta.

“Inspekta, mwanangu,” akasema, “una dakika tano za kumpa mwanamke asiyejua kitu?”

Saa kumi na nusu Inspekta aliwakusanya wote baraza ya nyuma: Seon-a, Bwana Do, Fundi Yeom, daktari wa meno na malkia wake asiye na joho, na wazee wote kumi na wanne, maana hakuna aliyeweza kuwazuia. Jua lilikuwa limeshuka na kuipaka milango rangi ya asali.

“Bibi huyu amebandika milango miaka hamsini,” akasema Inspekta. “Ana mambo ya kusema kuhusu hii. Nami nimeshakwenda kuthibitisha jambo moja ua wa pili.”

“Inspekta, muda unakwenda,” akasema Bwana Do.

“Mimi sina haraka na muda,” akasema Mal-sun, “kwa hiyo nitasema pole pole, tusikimbizane nao. Fundi, saa sita uliacha viraka vingapi?”

“Vitatu.”

“Sasa viko vingapi?”

“Vinne.”

Watu wakageukia milango.

“Daktari alisikia brashi saa sita na dakika thelathini na mbili. Saa hiyo fundi alikuwa anamwagiwa supu nje ya lango. Basi aliyekuwa anapaka gundi ni nani? Mwizi alikuwa na kitu chembamba mkononi, na alijua malango yatafungwa na kila mfuko utapekuliwa. Akaona mlango wa nne haujawekwa kiraka. Akakata karatasi, akaitia barua katikati, akabandika.”

Seon-a akaziba mdomo kwa mkono.

“Yeyote angeweza kufanya hivyo,” akasema Bwana Do. “Mwenye ufunguo hasa. Bibi, kwa heshima zote, unamzika mjukuu wako mwenyewe.”

“Ngoja, Bwana Mkubwa. Njoo uone kiraka chenyewe kiko upande gani. Tundu hizi mbili, juu na chini, ni za misumari ya bawaba. Tundu hii ya katikati, upande wa pili, ni ya pete. Kiraka kiko wapi?”

Daktari wa meno aliinama, kofia ikamwangukia usoni. “Upande wa bawaba.”

“Upande wa bawaba. Mahali ambapo mkono wa mtu haugusi tangu mlango uumbwe. Nimeuliza fundi kama amewahi kukosea hivyo.”

“Hata nikiwa nimelewa!” akafoka Fundi Yeom. “Hata nikiwa nimekufa!”

“Na huyu mtoto,” Mal-sun akasema, akimwonyesha Seon-a bila kumtazama, “tangu ana miaka minne alikuwa anachagua majani, mimi nabandika. Kila mwaka hadi alipokuja mjini. Ukimwamsha usingizini ukampa mlango usio na pete, mkono wake utakwenda wenyewe panapostahili. Aliyebandika hapa aliona viraka vitatu pembeni mwa milango mitatu, akajua kiraka huwekwa pembeni. Kwa nini kinawekwa, hakujua. Ni mtu ambaye kwao milango ilikuwa ya chuma.”

Bwana Do alitabasamu, lakini mdomo tu.

“Hizo ni hadithi za kijijini.”

“Huenda,” akasema Mal-sun. “Haya, fundi, tumalize kazi, jua linazama. Milango imekauka, ipulizie maji ikazike.”

Mafundi wa zamani hufanya hivyo: wanajaza maji kinywani na kuyapuliza juu ya karatasi, ikikauka mara ya pili inakaza kama ngozi ya ngoma. Fundi Yeom aliinua kata ya kuchotea maji, akainamisha kichwa, mashavu yakavimba. Akasimama mbele ya mlango wa kwanza. Kisha akabadili mawazo, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nne, akavuta kichwa nyuma.

“Usiloweshe!” Bwana Do alikuwa ameruka hatua tatu na kusimama mbele ya mlango, mikono imetanuka, suti imegusa karatasi. “Usiloweshe, utaiharibu! Ina miaka mia mbili!”

Fundi akapuliza. Pfuuu. Upepo mtupu ukapita juu ya nywele za Bwana Do. Kata ilikuwa kavu.

Hakuna aliyecheka, hata Jeom-rye.

“Nilikwenda kwenye ofisi yako,” Inspekta akasema. “Bakuli la tambi bado liko nje ya mlango. Halijafunguliwa. Uliniambia ulikula.”

Bwana Do alishusha mikono polepole. Alipoongea, sauti yake haikuwa ile ya upole wala ya ukali. Ilikuwa ya mtu anayevua kiatu kilichombana siku nzima.

“Ina maandishi nyuma,” akasema. “Miaka mitatu sikuyaona, kwa sababu ilikuwa imegandishwa kwenye ubao. Wiki iliyopita nilipoisafisha ikabanduka. Nikasoma. Tangu siku hiyo sijalala.”

“Inasema nini?”

“Itoeni, iseme yenyewe.”

Fundi Yeom alilowesha ukingo wa kiraka kwa kidole, kidogo kidogo, na Mal-sun akakishika upande wa pili. Mikono minne ya wazee wawili iliinua karatasi ile bila kuchana hata uzi. Barua ilikuwa katikati, imefungwa ndani ya karatasi nyembamba ya mafuta. Hata katika wizi wake Bwana Do alikuwa ameifunika isidhurike. Seon-a alivaa glavu, akaigeuza nyuma, akasoma kwa sauti:

“‘Bibi, mikono imepasuka kwa kuosha vitambaa vya gundi. Leo tumebandika milango minne ya mabibi wakubwa. Nimetia majani mekundu penye pete, kama ulivyonifundisha. Mkuu wa watumishi amenichapa, kisha amesema yabaki. Nina miaka kumi na moja sasa.’”

“Binti mfalme haoshi vitambaa,” akasema Bwana Do. “Ni mtumishi. Kitoto cha jikoni kilichojifunza kuandika. Mimi niliwaambia watu wote ni binti mfalme. Nikapewa Jumba hili kwa ajili hiyo. Watu wanakuja, wanalia mbele ya kioo kile. Kesho wangeigeuza.”

“Kwa nini hukuichoma?” akauliza Inspekta. “Tanuri la kupashia sakafu moto liko chini ya baraza hii hii.”

“Ningeichomaje?” Alionekana kushangazwa na swali. “Ningeichukua mambo yakitulia, nikae nayo nyumbani. Ingebaki barua ya binti mfalme iliyoibiwa, na jina langu lingebaki jina.”

“Na mimi?” akasema Seon-a.

Bwana Do akatazama soksi zake.

“Ulijua nitapelekwa kituoni. Ulimwambia Inspekta vijana wakikata tamaa hufanya mambo.”

“Nilidhani watakuhoji, wakose ushahidi, wakuache.”

“Na mkataba wangu?”

“Sikufikiri mpaka huko,” akasema, na labda hilo lilikuwa kweli.

Mal-sun alikuwa bado ameshika kile kiraka, kimelegea mikononi mwake. “Bwana Mkubwa,” akasema, “nikwambie kitu kimoja, kisha uende na hawa vijana. Nilipomsikia mjukuu wangu anasoma ile ya mbele, moyoni nilijiuliza: huyu bibi wa binti mfalme, ana watumishi mia, naye anaficha bakuli chini ya blanketi? Lile ni jambo la maskini, wenye chungu kimoja. Wazee hawa wote walilia. Hawakumlilia binti mfalme. Walimlilia mtoto aliye mbali na kwao. Ungewaambia ni mtumishi, wangelia zaidi.”

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi Bwana Do alitoka kwa lango la pembeni kati ya askari wawili. Inspekta alimrudishia Seon-a ufunguo wake, akainama mbele ya Mal-sun, na safari hii alikuwa anainama kweli, si kwa sababu ya urefu.

Naibu wa Bwana Do, mama mmoja mwenye miwani aliyekuwa akikimbia huku na huko tangu mchana, alimwambia Seon-a wataalamu bado wanakuja asubuhi, ila watamkuta yeye naibu, na baada ya hapo Jumba litafungwa hadi Jumatatu, kwa hiyo aende kwao akapumzike. “Siku hiyo nitahitaji mtu wa kuandika kibao kipya cha kabati. Andika wewe. Na uje na ile fomu ya ajira, nitaitia sahihi mwenyewe.”

Fundi Yeom naye alikuwa amekaa chini ya mlango wa nne na karatasi mpya, amenuna kama kawaida.

“Bibi wa Gangwon!” akaita. “Haya, lete hayo majani yako. Huu nitautia. Na leo hakuna Bwana Mkubwa wa kunifokea.”

Mal-sun alishuka uani, akaokota, akatupa, akaokota. Alirudi na majani matano mekundu ya mti wa kasri, yale madogo yenye vidole. Akayapanga mwenyewe. Upande wa pete.

Basi lilikuwa linanguruma nje ya lango. Wazee walipanda mmoja mmoja wakishikana viuno. Jeom-rye alikuwa tayari amekaa, mkoba wake wa ngisi umechukua kiti cha pili, alipoona vazi la buluu linapanda ngazi likiwa limekusanywa kwa mkono mmoja ili lisikanyagwe.

“Haya, jamani!” akapiga kelele. “Binti mfalme naye anapanda basi letu?”

“Si binti mfalme,” akasema Mal-sun, akitoka nyuma yake. “Ni mjukuu wangu, na hajala tangu saa sita. Ondoa mkoba akae.”